Kompyuta haiioni flashi yenye ISO ya Linux Mint

Swali
Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta mpakato yangu ya HP haina TPM 2.0 (kifaa cha usalama) inayotakiwa na Windows 11, nimeamua kuhamia Linux Mint, mfumo endeshi mwingine. Nimepakua faili la ISO, nikaformati flashi ya GB 8 na kulinakili faili humo, lakini kila nikiwasha kompyuta inaingia moja kwa moja kwenye Windows. Ukubwa wa faili ni uleule ulioandikwa kwenye tovuti. Je, flashi ni mbovu?

Jibu la kwanza
Flashi yako ni nzima, ndugu. ISO ni nakala ya diski nzima, pamoja na programu inayouamsha mfumo. Ukiinakili kama unavyonakili wimbo, UEFI ya kompyuta (programu ya ndani inayoiwasha) hukuta faili moja kubwa tu, ilhali inachotafuta ni folda ya EFI/BOOT yenye faili la BOOTX64.EFI. Tumia Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye flashi: chagua flashi, chagua ISO, kisha mpangilio wa diski, yaani GPT ikiwa kompyuta inatumia UEFI, au MBR ikiwa ni ya BIOS, mtangulizi wa UEFI. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa, kwa hiyo chomoa kwanza diski yoyote ya nje yenye vitu vyako, usije ukaichagua hiyo. Ikishakamilika, zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F9, na uchague flashi kwenye orodha.

Jibu la pili
Naomba usiharakishe kuiandika ISO hiyo kwenye flashi. Ukubwa kulingana hakuthibitishi kwamba faili ni salama. Mwezi Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuwaelekeza watu kwenye ISO ya toleo la 17.3 Cinnamon iliyotiwa mlango wa siri, na waliopakua hawakuona tofauti yoyote kwa macho. Fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, upate alama ya utambulisho ya faili, na ulinganishe herufi zake zote 64 na zile zilizomo katika sha256sum.txt, orodha iliyo kwenye tovuti ya Mint. Kwa kuwa anayeteka tovuti anaweza kubadilisha hata orodha hiyo, ni vyema pia kuhakiki sahihi yake ya kidijitali iliyo katika sha256sum.txt.gpg.

Jibu la tatu
Niongeze kidogo kwa ndugu wa kwanza. Kunakili kunaweza kufaa, mradi ufungue ISO na kunakili yaliyomo kwenye flashi iliyoformatiwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, nayo kompyuta iwe ya UEFI. Kwa Windows 11 ndipo njia hiyo hukwama, kwani faili lake la usakinishaji, install.wim, mara nyingi huzidi GB 4, na FAT32 haipokei faili la ukubwa huo.

Muulizaji
Nashukuruni sana. Herufi zimelingana zote, Rufus imemaliza kazi, na F9 imenifikisha kwenye Mint. Je, nisakinishe sasa hivi?

Jibu la pili
Bado. Mint inafanya kazi kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo jaribu kwanza Wi-Fi, sauti na kamera, na uhamishe nyaraka zako kwenye diski nyingine. Vyote vikikubali, bofya Install Linux Mint.