FIDIC 1999: eneo halijakabidhiwa, mvua, dizeli kupanda. Gharama ipi ni ya nani?

Kokoto_Nne
Wakuu, habari za majukumu. Tuna barabara ya kilomita 12, changarawe kwenda lami, FIDIC Kitabu Chekundu cha 1999 (mkataba wa mfano wa kimataifa wa ujenzi), thamani ya shilingi bilioni 14.4 kwa siku 450. Zabuni ilifungwa 22 Mei 2023. Mambo matatu yametokea.

Kilomita ya 4 hadi ya 6 tumekabidhiwa wiki 6 baada ya tarehe ya programu kwa sababu wananchi walikuwa hawajalipwa fidia. Ndani ya hizo wiki 6 kukawa na siku 11 za mvua kubwa isiyo ya kawaida. Na dizeli imepanda sana tangu tuweke bei. Notisi ya eneo tulipeleka siku ya 9.

Mhandisi msimamizi anasema tutapata siku tu, pesa hakuna. Greda, rola na eskaveta zilizolala tulizidai kwa bei ya kukodi, akakataa zote. Ana haki?

Mkadiriaji_BQ
Mkuu, amechanganya mafaili matatu. Katika FIDIC 1999 kila tukio lina kifungu chake, na kila kifungu kina kiwango chake: muda peke yake, au muda na gharama, au muda, gharama na faida.

Kuchelewa kukabidhiwa eneo ni kifungu 2.1: muda, gharama na faida ya wastani. Kuchelewa kupewa michoro (1.9) ni hivyo hivyo. Mwamba usiotarajiwa (4.12) ni muda na gharama, faida hakuna. Kusimamishwa kazi na Mhandisi (8.9) vilevile. Mvua ya kupita kiasi ni 8.4(c), na hiyo ni muda tu: mteja anabeba siku, wewe unabeba gharama zako. Kwa hiyo jibu la "siku tu" ni sahihi kwa mvua, si kwa eneo.

Angalia jambo moja kabla ya kujibu barua. Kiambatisho cha Zabuni kimetaja tarehe ya kukabidhi eneo? Kama hakikutaja, 2.1 inamtaka mteja akupe eneo kwa wakati unaokuwezesha kufuata programu uliyowasilisha chini ya 8.3. Programu iliyoandika "tuta la barabara, km 0–12" kwa mstari mmoja haikusaidii, maana haionyeshi kilomita ya 4 ilihitajika lini. Madai mengi ya eneo hufia hapo, wala si kwenye hesabu.

Halafu ukomo wa muda wa kifungu 20.1. Notisi ndani ya siku 28 tangu ulipojua au ulipopaswa kujua; hiyo umeipita salama. Lakini madai kamili yenye vielelezo ni ndani ya siku 42, zikihesabiwa kutoka siku ile ile ya kujua, si kutoka siku ya notisi. Tukio likiwa bado linaendelea, madai hayo yanahesabiwa kuwa ya muda: unapeleka nyongeza kila mwezi, na ya mwisho ndani ya siku 28 baada ya athari kuisha. Kukosa zile 28 za mwanzo kunaua madai yote. Kuchelewesha vielelezo hakuyaui, ila Mhandisi ana ruhusa ya kupunguza kwa kadiri ulivyomzuia kuchunguza.

Mzani_wa_Saiti
Naongeza kwenye hesabu, maana hapo kuna pesa.

"Gharama" katika mkataba huu ni matumizi halisi yaliyofanyika kwa busara, saiti au nje ya saiti, pamoja na gharama za ofisi. Faida haimo; inaongezwa pale kifungu kinapoitaja. Ndiyo maana bei ya kukodi kwa mtambo wako mwenyewe haipiti. Bei ya kukodi ina faida ya mwenye mtambo, uchakavu wa kazi, mara nyingine na opereta. Mtambo uliolala hauchomi dizeli wala hauli meno ya ndoo.

Chukulia greda uliyonunua kwa milioni 480, utaiuza kwa milioni 80 baada ya miaka 8. Inashuka thamani milioni 50 kwa mwaka, sawa na takriban shilingi 137,000 kwa siku. Kwa siku 31 ni kama milioni 4.25. Ukidai kwa bei ya kukodi, tuseme 900,000 kwa siku, unaandika milioni 27.9. Mhandisi akiona tofauti hiyo anaacha kukuamini hata kwenye vitu vya halali. Ongeza riba ya mkopo wa mtambo kama upo na una karatasi za benki, pamoja na bima. Mtambo uliokodi kweli kwa mtu ni habari nyingine: hapo weka mkataba wa kukodi, ankara na ushahidi wa malipo, unalipwa ulichotoa.

Kwa nini nimesema siku 31 na si 42? Siku 11 za mvua hata ungekuwa na eneo usingeshindilia udongo. Siku za kuongezewa unapata zote 42, lakini pesa unalipwa kwa gharama unazoweza kuzitenganisha na mvua. Ukizikata mwenyewe kabla hajazikata yeye, mjadala unakuwa mfupi.

Watu: mshahara uliolipwa, pamoja na mchango wa mwajiri NSSF, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi). Vibarua wa siku ulioweza kuwapumzisha hawamo.

Gharama za saiti (kambi, walinzi, msimamizi, magari, kuongeza muda wa bima na dhamana ya benki) zichukue kutoka vitabu vya wiki zile zile za kuchelewa. Wengi huchukua wiki za mwisho wa mkataba kwa kuwa ndizo "zilizoongezeka". Mwishoni saiti imebaki na watu wachache, kwa hiyo unajipunja mwenyewe. Na ukichukua mwezi wenye pilikapilika zaidi unakataliwa.

Ofisi kuu ndiyo ngumu. Wengi wanatumia fomula ya Hudson: asilimia ya ofisi kuu kwenye zabuni, mara bei ya mkataba, gawa kwa siku za mkataba, mara siku za kuchelewa. Kwa 5%: milioni 720 gawa kwa 450 ni milioni 1.6 kwa siku, mara 31 ni milioni 49.6. Inavutia, lakini ina mashimo. Asilimia ya zabuni ni makisio, kwa hiyo tumia ya hesabu zako zilizokaguliwa (hiyo ndiyo Emden). Pili, kama umepewa kazi za ziada katika kipindi hicho, bei zake tayari zimelipa sehemu ya ofisi kuu, ziondoe. Tatu, onyesha kwamba timu ile ilikwama hapo na ikakosa kazi nyingine. Bila hilo fomula ni hesabu ya karatasini.

Faida ya 2.1: toleo la 1999 halikutaja asilimia. Toleo la 2017 limeweka 5% kama mkataba haukusema. Kwako tumia iliyomo kwenye mchanganuo wa bei zako, na uiambatanishe.

Upande_wa_Mteja
Mimi huwa nakaa meza ya pili, ile inayokagua. Swali la kwanza nitakalouliza: km 7–12 ilikuwa wazi? Kama ilikuwa wazi na greda ikalala, nitataka kujua kwa nini hukuihamisha. Una wajibu wa kupunguza hasara. Ukiihamisha, gharama ya lobedi (trela la kubeba mitambo) kwenda na kurudi idai, huwa inapita bila kelele.

Swali la pili ni kumbukumbu. 20.1 inakutaka uweke kumbukumbu za wakati ule ule wa tukio. Jedwali la Excel lililotengenezwa miezi mitano baadaye silo. Ninachokubali: fomu ya kila siku yenye namba ya mtambo, saa za kazi, saa za kulala na sababu, kilomita ulipokuwa, na sahihi ya mkaguzi wa Mhandisi. Mkaguzi akigoma kusaini, mpelekee jioni ile ile kwa barua yenye mhuri wa kupokelewa. Andika "imewasilishwa, haijasainiwa".

Na msiogope mteja anapokata makato ya ucheleweshaji kimyakimya. Naye ana utaratibu wake, kifungu 2.5: notisi, maelezo, Mhandisi aamue. Baraza la Faragha la London (Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa baadhi ya nchi za Jumuiya ya Madola) liliamua mwaka 2015, kesi ya NH International dhidi ya NIPDEC ya Trinidad, kwamba mteja hawezi kukata kitu ambacho hakukitolea notisi. Kwetu Tanzania uamuzi huo hauwafungi majaji, ila hoja unaibeba. Usawa wa kweli ulikuja 2017, pande zote zikawekwa chini ya 20.2 na siku 28 zile zile. Kwenye 1999 mteja hana ukomo huo, ni upendeleo wa wazi.

Kokoto_Nne
Asanteni sana. Km 7–12 ilikuwa wazi ila daraja dogo la km 6.8 halikuwa limejengwa, mitambo isingevuka. Sasa dizeli? Kiambatisho chetu hakina jedwali la kurekebisha bei.

Mkadiriaji_BQ
Hilo daraja piga picha zenye tarehe na uonyeshe kwenye programu lilipangwa kujengwa lini. Kama lilichelewa kwa upande wako, ndilo litakalogeuka hoja ya mteja.

Dizeli: bila jedwali hilo, 13.8 haitumiki kabisa, imeandikwa hivyo humo. Likiwepo, hesabu inakwenda hivi, kwa mfano: sehemu isiyobadilika 0.15, vibarua 0.20, dizeli 0.25, bitumeni 0.20, saruji 0.20, jumla 1.00. Faharasa ya dizeli ikitoka 100 kwenda 128 na nyingine zikatulia, kizidishi ni 1.07, hati ya malipo ya milioni 400 inaongezeka milioni 28. Ninyi hamna, kwa hiyo kupanda kwa soko ni kwenu.

Lakini kuna mlango mdogo. Tarehe ya Msingi ni siku 28 kabla ya mwisho wa kupeleka zabuni, yaani 24 Aprili 2023. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya dizeli. Hayo ni mabadiliko ya sheria baada ya Tarehe ya Msingi, kifungu 13.7, gharama bila faida. Lita 300,000 ni milioni 30. Utahitaji ankara za mafuta na daftari la kutoa mafuta kwa kila mtambo. Bei elekezi za EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) zinasaidia kuonyesha mchanganuo wa bei. Dai tozo tu, usichanganye na kupanda kwa soko.

Na madai ya 13.7 nayo lazima yafuate 20.1. Hizo siku 28 zilianza ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba tozo inakugusa. Mteja atasema ni siku ile sheria ilipoanza, au siku uliyosaini mkataba kama ni baadaye. Kwenye Obrascon dhidi ya Serikali ya Gibraltar, 2014, jaji wa London alilegeza kidogo usomaji wa kifungu hicho, lakini hilo lilihusu siku za nyongeza. Kama hujawahi kuandika neno "tozo" kwenye barua yoyote hadi leo, ripoti zako za kila mwezi zipekue kwanza.