Jezi iliyochezewa mechi kubwa: ya makumbusho au ya mwenye hela?

Mzee wa Kona
Wakuu salama? Leo naomba tubishane kistaarabu, najua haitawezekana ila naomba tu. Ile jezi ya Maradona ya 1986 dhidi ya Uingereza, ya bao la mkono na lile la kupiga chenga nusu ya timu, ilikaa miaka mingi kwenye makumbusho ya mpira Uingereza, ukienda unaiona. 2022 mwenyewe, Steve Hodge, mchezaji wa Uingereza aliyebadilishana naye jezi siku ile, akaipeleka mnadani Sotheby's ikaondoka kwa pauni milioni kumi, mnunuzi hata jina hakutaka litajwe. Swali langu, vitu vya namna hii viuzwe tu kama ng'ombe au vikae sehemu kila mtu avione? Mie nasema makumbusho. Hata mie nina jezi ya straika mmoja alinivulia baada ya fainali, nikizeeka naitoa bure, na nimeitunza haswa, ilikuwa matope na jasho tupu nikaifua ikatakata, nikapiga pasi, iko ukutani mwaka wa kumi na mbili sasa.

Dogo wa Benchi
UMEIFUA???

Namba Nne Mgumu
Pauni milioni 7.1 mkuu, sio kumi. Kwa dola ndo ilikuwa kama 9.3, labda hapo ndo ulipochanganya. Halafu Hodge hakumwibia mtu, waliomba kubadilishana wanaume wawili wakitoka uwanjani, yule kampa kwa hiari yake. Kitu chako uuze usiuze nani akupangie. Tena huyohuyo Hodge ndo aliyeipiga ile pasi mbovu ya juu Maradona akaruka nayo kwa mkono, yaani angalau kitu kimoja kwenye siku ile kimlipe jamani.

Dogo wa Benchi
Naona mnapita tu kama hamjaona. Jamaa KAFUA jezi ya fainali. Kwa sabuni. Mzee hapo huna kumbukumbu una nguo, nguo kama ya duka, makumbusho wataipokea ya nini?

Mzee wa Kona
Ulitaka nilale na uvundo miaka kumi na mbili? Wewe dogo unafuliwa na mama mpaka leo unanifundisha mie kufua?

Dogo wa Benchi
Mama yangu kaingiaje hapa?? Tunaongelea jezi unaleta wazazi wa watu. Na kwa taarifa yako najifulia tangu niko kidato cha pili.

Msingi wa Hoja
Turudi kwenye mada. Wanaosema mali binafsi, mnajua kilichompata Babe Ruth, yule gwiji wa besiboli wa Marekani? Kampuni ya kadi za wachezaji ilinunua jezi yake aliyochezea miaka ya 1920, dola zaidi ya 264,000, hiyo ilikuwa 2003, wakaikatakata vipande vidogo wakavipachika ndani ya kadi wakauza. Mkasi kwenye jezi ya Babe Ruth! Na ilikuwa halali kabisa maana walilipa. Sasa nyie wa "kitu chako nani akupangie" jibuni hapo.

Namba Nne Mgumu
Sawa, na lile kombe la Jules Rimet, Kombe la Dunia la zamani, lilikuwa la mtu binafsi? Lilikuwa kwenye ofisi za shirikisho la Brazil, 1983 wakaingia wezi wakaondoka nalo na mpaka leo halijaonekana. Na kabla ya hapo 1966 liliibiwa Uingereza likiwa kwenye maonyesho, akaliokota mbwa. Mbwa! Taasisi zenu hizo. Mwenye hela aliyetoa dola milioni 24 kwa jezi ya huyohuyo Babe Ruth 2024, ile ya 1932, unadhani analala mlango wazi?

Dada Mwamuzi
Mbwa anaitwa Pickles, mpeni heshima yake. Kuhusu kufua, mie kazi yangu ni kuhifadhi vitambaa vya zamani kwahiyo naomba wote wawili mnisikilize. Dogo ana haki nusu na mzee ana haki nusu. Jasho lina chumvi na asidi, ukiliacha miaka linakula uzi na kuleta ule unjano, hapo mzee hajakosea kuogopa. Lakini ukishafua hurudi nyuma. Doa la majani, damu, chokaa ya mstari, vyote ni ushahidi kwamba nguo ilikuwepo uwanjani, na vimekwenda na maji. Sisi kabla ya kugusa kitu tunapiga picha kila upande, tunaandika, ndo tunajadili kama kuna haja ya kukisafisha, na mara nyingi jibu ni acha. Kinachoniuma zaidi mzee ni huo UKUTA. Mwanga unaua rangi kuliko sabuni. Makumbusho tunaweka nguo kwenye mwanga wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), hafifu kabisa, na hata hivyo baada ya miezi kadhaa tunaitoa inarudi gizani ikapumzike, imelazwa kwenye karatasi zisizo na asidi. Miaka 12 ukutani? Dirisha liko upande gani?

Mzee wa Kona
Linatazama mashariki. Kwanini?

Dada Mwamuzi
Basi nimeishiwa maneno.

Kibarua wa Ukweli
Nyie wote mnajadili hewa, kwenye hizo zinazoitwa "zilizochezewa" feki zimejaa. Marekani FBI walikuwa na operesheni nzima, Operation Bullpen, ya kukamata watu wa sahihi feki. Hata hiyo ya Maradona familia yake yenyewe ilikataa, wakasema hiyo ni ya kipindi cha kwanza, yenye mabao ni nyingine.

Fundi Cherehani
Hapo kwenye Maradona mwachieni fundi. Zile jezi za bluu za Argentina zilinunuliwa dukani hukohuko Mexico siku chache kabla ya mechi, za mwanzo zilikuwa nzito kwa joto lile. Nembo na namba zikawekwa haraka haraka kwa mkono, usiku kwa usiku. Sasa kazi ya haraka hakuna nguo mbili zinazotoka sawa, nembo moja inalala kushoto, nyingine uzi umepinda, namba imekaa juu kidogo ya mstari. Ndo maana waliweza kuchukua picha za mabao wakalinganisha nembo, mistari na namba moja moja mpaka wakasema ni hii. Wazembe wa cherehani ndo waliookoa mamilioni hayo. Mie nimeshona sare za timu miaka kumi na nane, kazi yangu naijua hata kwenye picha.

Mzee wa Kona usikate tamaa. Mshono haufuliki. Una picha ya mechi?

Mzee wa Kona
Ninayo, iliwahi kutoka gazetini. Ngoja nikaishushe.

Mshika Kibendera
Mnaongelea akina Ruth, mkanda wa Muhammad Ali wa pambano la Kinshasa 1974 hamuutaji? Uliuzwa 2022 dola milioni 6.18. Aliyenunua ni Jim Irsay, aliyekuwa bwana wa Colts, timu ya mpira wa Kimarekani, na huyu alikuwa akizungusha mkusanyo wake mji kwa mji watu wanaingia bure. Kwahiyo tajiri naye anaweza kuonyesha.

Msingi wa Hoja
Mji kwa mji wa wapi? Ulifika Kinshasa?

Mshika Kibendera
Sasa unataka kugeuza maneno yangu.

Msingi wa Hoja
Nimeuliza tu mji gani.

Kibarua wa Ukweli
Mpira wa Barry Bonds wa besiboli je, ule wa home run yake ya 756, ya rekodi, mwaka 2007. Jamaa kaununua kama dola 752,000 akaweka kura mtandaoni, upelekwe makumbusho ulivyo, uchorwe alama ya nyota ya kumsuta mtu wa madawa, au urushwe anga za juu. Watu wakachagua nyota! Na Cooperstown, makumbusho ya besiboli, wakaupokea na nyota yake. Hiyo ndo demokrasia mnayoitaka?

Dogo wa Benchi
Bora nyota kuliko sabuni.

Mzee wa Kona
Nimerudi. Fundi sikia. Kwenye picha kwapa la kushoto kuna sehemu imefumuka, urefu kama kidole gumba hivi, na kwenye jezi yangu IPO, palepale! Uzi mweupe unaning'inia vilevile. Dogo uko wapi?

Fundi Cherehani
Safi kabisa. Sasa geuza, angalia namba mgongoni. Kingo zimekaaje?

Mzee wa Kona
Kwenye picha 9 imekaa vizuri. Hii yangu kona ya chini imejikunja, imebabuka kidogo inang'aa.

Fundi Cherehani
Ulipiga pasi juu ya namba?

Mzee wa Kona
Niliweka kitambaa juu.

Fundi Cherehani
Mzee.

Mzee wa Kona
Chembamba.

Beki Tatu
Sijasoma zote ila pauni milioni kumi kwa jezi moja ni kufuru.

Namba Nne Mgumu
7.1!!!