Gundi ya mgunga inaachia manyoya ya mishale, nitumie nini?

Mkole_Karatu
Wakuu, naomba msaada. Natengeneza mishale ya kikundi chetu cha ngoma na mingine ya kulenga shabaha. Mawano, yaani vijiti vya mishale, nakata mti wa mkole, nanyoosha motoni, nabandika manyoya matatu ya kanga. Gundi naokota kwenye migunga, naloweka usiku kucha, asubuhi napaka na kuzungushia uzi. Ikikauka inashika vizuri kabisa. Juzi tumecheza kwenye manyunyu: mishale 9 imeachia manyoya yote, gundi imekuwa kamasi. Ya dukani sitaki. Mishale miwili ya marehemu babu ninayo hadi leo na haijaachia. Penye kigumba, ile ncha ya chuma, kuna kitu cheusi kigumu, penye manyoya naona kano tu, ile mishipa migumu ya mnyama.

Mwana_wa_Kitui
Hiyo kano ndiyo gundi, ndugu yangu. Mzee wangu alikuwa akiitafuna mpaka ilainike, anazungusha ikiwa mbichi. Ikikauka inajikaza na kujigandisha yenyewe. Uzi wa pamba hauwezi hivyo.

BiNyuki_Mufindi
Mwanangu, gundi ya mgunga huyeyuka kwenye maji, hata uiloweke vipi. Cheusi cha babu nadhani ni ulimbo, yaani utomvu wa mti unaonata, na mkaa. Huku kwetu natumia utomvu wa paini, ule uliokauka kwenye makovu ya shina. Vijiko 3 vya utomvu, 1 cha nta, 1 cha mkaa uliosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Yeyusha kwenye kopo juu ya makaa machache, nje ya nyumba, maana unadaka moto upesi mno. Usiuache utokote, ukitokota unakuwa kama kioo, mshale ukigonga jiwe tu kigumba kinachomoka.

Chovya kijiti, kipoze majini, kisha kikague. Ulimbo ukikatika "ta!", ongeza nta. Ukucha ukizama, nta imezidi, na jua la saa sita litaulainisha. Ukiridhika, pasha shina la kigumba, lipake, chomeka kwenye wano, funga kano juu.

Mkole_Karatu
Asante sana mama. Na gundi ya ngozi?

BiNyuki_Mufindi
Kwenye mti inashika mno, ila maji ni adui yake pia. Ukiipika usiiache ichemke, ikichemka nguvu inapotea. Na kano nayo ikilowa inalegea, kwa hiyo paka nta juu yake, mwanzo hadi mwisho.

Podo14
Yule mtu wa zaidi ya miaka 5,000 aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps, Ulaya, mwaka 1991 alikuwa na mishale 14 podoni (mfuko wa mishale), 2 tu imekamilika. Manyoya yake yamebandikwa kwa lami ya gome la mti, kisha yakazungushiwa uzi mwembamba. Gundi na uzi pamoja, wakuu.

Mkole_Karatu
Mrejesho: kano nimepata buchani. Mishale miwili nimeizamisha kwenye ndoo tangu saa nne mpaka saa kumi. Vigumba havijatikisika. Mmoja manyoya yameshika yote. Wa pili kano imeanza kuinuka, upana wa kidole, pale nilipopitiwa kupaka nta. Kesho naufungua na kuufunga upya.