Nafungua kliniki yangu ya watoto, nembo na websaiti nianzie wapi?

daktari_tabata
Habari za humu wakuu. Mimi ni daktari wa watoto, nimefanya kazi kwenye hospitali za watu miaka mingi na sasa nafungua ya kwangu hapa Tabata, vyumba vinne na maabara ndogo, vibali viko hatua za mwisho. Kuna kijana wa dizaini kanipa bei ya milioni tatu na nusu, humo ndani kuna nembo, bango la nje, kadi, na websaiti ya kurasa kumi na mbili yenye picha zinazojisogeza zenyewe pale juu pamoja na fomu ya mzazi kueleza tatizo la mtoto. Nembo aliyoniletea ni msalaba mwekundu katikati, nyoka wawili wamejizungusha kwenye fimbo yenye mabawa, chini yake jina la kliniki kwa mwandiko wa kulala. Mke wangu kaipenda ila mimi naona kama nimeshaiona sehemu. Hela hiyo inatoka fungu lilelile la kununua mashine ya oksijeni kwahiyo nataka kila shilingi ifanye kazi. Je websaiti ni lazima kwa kliniki ndogo au Instagram inatosha? Naombeni ushauri.

mchora_mabango
Hongera sana daktari. Kwanza kabisa huo msalaba mwekundu utoe. Ile sio alama ya hospitali, ni alama ya ulinzi wakati wa vita, inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, wenye haki nayo ni huduma za tiba za jeshi na Chama cha Msalaba Mwekundu. Najua utasema mbona maduka ya dawa kibao wanao, ni kweli wanao, lakini wewe unaanza upya kwanini uanze na alama ambayo unaweza kuambiwa uifute ukiwa umeshachapa kila kitu?

Halafu hao nyoka wawili wenye mabawa ni fimbo ya Hermes, huyo kwa Wagiriki alikuwa mungu wa wafanyabiashara na wasafiri. Fimbo ya tiba ni ya Asklepio, nyoka mmoja tu na haina mabawa, iangalie kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Ile ya wawili ilisambaa zaidi baada ya kitengo cha tiba cha jeshi la Marekani kuichukua mwaka 1902, ndo maana unahisi umeiona sehemu, ipo kila mahali.

Ila mkuu mimi ningeuliza, kliniki ya watoto nyoka wa nini? Mtoto wa miaka minne anaingia pale tayari anaogopa sindano, akiinua macho ukutani anakutana na nyoka. Tafuta umbo moja rahisi na rangi mbili basi. Akishakuletea, mwambie akuchapie kwenye vitu vitatu kabla hujalipa: muhuri wa wino mmoja, bahasha ya dawa, na ile duara ndogo ya picha ya WhatsApp. Nembo nyingi zinafia kwenye muhuri, mistari myembamba yote inakuwa doa moja. Na huo mwandiko wa kulala mtu aliyekaa kwenye bajaji inayotembea hausomi, jina liwe herufi nono zilizosimama. Mwisho udai faili za asili za SVG au PDF, zile za mistari zinazokuzwa bila kuharibika, sio picha ya JPG peke yake, la sivyo siku ukitaka bango kubwa itavutwa mpaka ipasuke.

fundi_seva
Mchora mabango kamaliza upande wa nembo, mimi niongelee websaiti. Instagram haitoshi daktari, sababu mzazi akitafuta usiku anaandika Google "daktari wa watoto Tabata" na hapo kinachotokea kwanza ni ramani. Kwahiyo hata kabla ya websaiti fungua wasifu wa biashara wa Google, ni bure kabisa, weka saa za kazi, namba, picha ya geti, na pini ikae kwenye geti lenyewe sio barabara ya nyuma.

Websaiti kurasa kumi na mbili ni nyingi mno, nne au tano zinakutosha. Hizo picha zinazojisogeza zikatae, zinakula bando la mzazi na hakuna anayesubiri ya tatu ifike. Pia kataa zile picha za kununua mtandaoni za madaktari wa kizungu wanatabasamu, piga za kwako hata kwa simu, chumba kikiwa na mwanga, za ukweli zinaaminika zaidi.

Sasa hapa naomba usome taratibu. DOMEINI, yaani jina la anwani ya websaiti, ISAJILIWE KWA JINA LAKO NA IMEILI YAKO. Kuna kliniki moja nilienda kuwasaidia, siitaji, domeini ilisajiliwa kwa imeili ya dizaina, jamaa akahama mji na namba akabadilisha, malipo ya mwaka yakapita, websaiti ikazima pamoja na imeili zote za ofisi, na mabango yalishachapwa na ile anwani. Walizunguka sana mpaka wakakata tamaa wakanunua jina lingine. Chukua .co.tz, sio ghali, ilipie wewe mwenyewe, paswedi za domeini, hostingi (pale websaiti inapohifadhiwa) na Google zikae kwako, dizaina mpe ruhusa ya kuingia tu ambayo unaweza kuiondoa siku yoyote.

mama_pacha
Mimi sio mtaalamu ni mzazi, na nimekaa mapokezi ya kliniki ya watoto kabla sijajifungua, niongezee kidogo. Simu zinazopigwa ni zilezile asubuhi mpaka jioni. Daktari wa watoto mwenyewe yupo leo au ni mwingine? Mnapokea bima gani? Kumuona daktari shingapi? Jumapili mnafungua? Nikishuka kituoni naelekea wapi? Hivyo vitano viwekwe ukurasa wa kwanza juu kabisa bila mtu kubonyeza chochote. Websaiti nyingi za kliniki ukifungua unakutana na "dira na dhamira yetu", mtoto ana joto 39 usiku saa tano mimi dira ya nini jamani, nataka namba ya simu ninayoweza kuibonyeza ikapiga hapohapo!

Na bei muweke tafadhali, hata ya kumuona daktari peke yake. Mzazi anayeogopa bei anakaa nyumbani na mtoto mpaka anazidiwa, nimewaona wanaletwa wameshalegea.

Kitu kingine wekeni ratiba ya chanjo kwa Kiswahili, wiki ya 6, ya 10, ya 14, surua rubella miezi 9 na ile ya miezi 18 ambayo wengi wanaisahau. Wazazi wataitumiana kwenye magrupu na jina la kliniki litatembea nayo.

mwanasheria_kijana
Naongeza mawili kwa haraka. Jina la kwenye bango lifanane neno kwa neno na lililoko BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na kwenye usajili wa kituo Wizara ya Afya, na kama umesajiliwa zahanati usije ukaandika hospitali hata kama linapendeza.

La pili ni hiyo fomu ya kueleza tatizo la mtoto. Muulize dizaina majibu yanaenda wapi, mara nyingi yanatua kwenye imeili yake yeye kwanza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ziko kwenye kundi nyeti, anayekusanya anatakiwa awe amesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fomu ikuchukulie jina, namba na siku anayotaka kuja, ugonjwa utauuliza wewe ana kwa ana. Picha za watoto usiweke bila mzazi kukubali kwa maandishi, na zile shuhuda za "mwanangu alipona hapa" ungeuliza Baraza la Madaktari kwanza maana maadili ya udaktari na matangazo haviendi vizuri.

daktari_tabata
Wakuu nimewaelewa sana, mama pacha umenigusa pale kwenye bei, nitaiweka. Nimempigia kijana leo, msalaba na nyoka vinatoka, fomu inapunguzwa, kurasa zinabaki tano na domeini nimelipia mwenyewe jioni hii. Kashusha mpaka milioni moja na laki nane pamoja na bango. Swali la mwisho, lugha iwe Kiswahili au Kiingereza, yeye anasema Kiingereza kinaonekana cha kisasa.

mama_pacha
Kiswahili daktari. Bibi ndo anabaki na mtoto mchana, na yeye ndo atakayepiga simu.

fundi_seva
Kiswahili ndo kianze, Kiingereza uweke kitufe pembeni kwa wageni. Na kabla hujamlipa nusu ya mwisho ifungue hiyo websaiti kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote hapo kliniki, kwa bando sio waifai, ikichelewa mrudishie akapunguze picha.