Muziki wa majaribio Kisumu: baa, ukumbi wa jamii au ua wa makumbusho?

MwanaDunga: Wadau, tuko watatu: orutu (fidla ya Kijaluo), kompyuta, na mmoja anayekwaruza mabati kwa mawe. Tunataka onyesho kila mwezi, watu kama hamsini. Kuna baa mjini, ukumbi wa jamii, na nafikiria ua wa Makumbusho ya Kisumu. Mngechagua wapi?

FundiSauti: Baa sahau. Nilifunga vyombo kwenye moja, jina naliacha. Mpiga nyatiti, kile kinubi cha Kijaluo, alishusha sauti mpaka ikabaki ile pete ya kidole gumba cha mguu ikigonga mti, tk, tk. Friji ya bia ikaanza kunguruma. Nikaichomoa. Mwenye baa akaja mbio, "Bia zangu zitapata moto!" Onyesho likafia hapo.

NyarKano: Na kodi italipwa na nani, Fundi? Cafe OTO ya Dalston, London, iko tangu 2008: mchana mkahawa, usiku maonyesho. Tena wanarekodi na kutoa albamu zao wenyewe. Lazima kuwe na kitu cha kuuza.

OmeraMilimani: Si lazima. Mwanamuziki John Zorn alipofungua ukumbi wa The Stone, New York, mwaka 2005, hakukuwa na baa kabisa. Kiingilio chote kilikuwa cha mwanamuziki; kodi ilitafutwa kwa maonyesho ya harambee. Ila 2018 walihamia chuoni, The New School. Ukikataa pombe, tafuta taasisi ikubebe. Kwa hiyo makumbusho.

NyarKano: Hapo umenipata, omera. Ila mbu wa pale!

FundiSauti: Mbu hawangurumi. Ukumbi wa jamii nao una mwangwi, neno moja unalisikia mara tatu. Mvua ikinyesha juu ya yale mabati, orutu na uzi wake mmoja imekwisha.

MwanaDunga: Sisi mabati ni ala, mvua ni mwenzetu 😂

OmeraMilimani: Sawa, lakini mvua haishiki zamu.

FundiSauti: Uani weka spika mbili tu, chini, watu wakae mkekani karibu na boma la Kijaluo. Anza saa kumi na moja jioni, umalize kabla ya giza. Orutu yenyewe usiitie maikrofoni.

MwanaDunga: Jumatatu naenda kuwauliza. Fundi, una waya wa mita hamsini?

FundiSauti: Ninao wa thelathini. Tutaunga.