Nina milioni 9 baada ya kumaliza chuo: ninunue gari gani la kutumia kati ya Newala na Mtwara?

Binti Newala:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nilihitimu shahada ya uhasibu mwaka jana na sasa nimeajiriwa Newala, ambako kazi yangu inanilazimu kuzunguka katika vyama vya msingi vya ushirika vijijini, na kila mwisho wa mwezi ninashuka Mtwara kumpeleka mama kliniki. Akiba yangu ni shilingi milioni 9, na kwa kuwa mshahara unakatwa asilimia 15 kurejesha mkopo wa elimu ya juu, kinachobaki si cha kuchezea. Mimi ninavutiwa na Toyota IST. Kaka yangu ananishawishi nichukue RAV4 ya zamani kwa sababu ya mchanga wa huku juu. Na rafiki yangu wa Dar es Salaam anasema niagize Japani, kwani kununua gari lililotumika hapa nchini ni kununua ugonjwa wa mtu. Naomba ushauri kwa wanaozijua njia hizi.

Mwalimu Mstaafu, Masasi:

Marahaba binti, na hongera kwa kazi. Nianze na suala la kuagiza, maana ndilo linaloisha haraka. IST za kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo zote zimepita miaka 10 na zinabeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini za ukubwa huo, na mwisho VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 inayotozwa juu ya jumla ya hivyo vyote. Ukikokotoa utaona kwamba kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe likiwa limefika bandarini, na thamani inayotumika ni ile iliyomo katika kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA), si ile uliyopatana na muuzaji. Kwa milioni 9 utafikisha gari bandarini Dar es Salaam ukashindwa kulitoa.

Kuhusu RAV4, kaka yako hajakosea kabisa. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, kina lami, lakini kazi yako haiko kwenye lami. Iko kwenye vile vichochoro vya mikorosho ambako mchanga wa kiangazi unameza tairi na masika yanachimba mifereji katikati ya njia. Hata hivyo, injini ya lita 2 inakunywa mafuta, na wewe ndiwe utakayekuwa ukiisubiri kila mwezi ile Jumatano ya kwanza EWURA, wadhibiti wa nishati, wanapotangaza bei mpya za mafuta. Ningekuwa baba yako ningekuambia utafute IST ya magurudumu manne yenye injini ya 1.5, ambayo ipo ingawa si nyingi, na ununue kwa fedha isiyozidi milioni 7. Hizo mbili zinazobaki si za mapambo. Ni za tairi, betri, bima, kuhamisha umiliki na lile tatizo ambalo muuzaji hakukutajia.

Jambo jingine ni majira. Oktoba hadi Desemba minada ya korosho ikiwa inaendelea, fedha iko mikononi mwa watu na hakuna muuzaji wa gari anayepunguza bei. Subiri Machi au Aprili, watu wakiwa wanahangaikia ada na gharama za mashamba. Hapo utapatana vizuri.

Mkazi wa Shangani:

Mimi ninauliza tofauti: umepiga hesabu ya kutonunua? Bodaboda ya kwenda chama cha msingi, na basi la kushuka Mtwara mara moja kwa mwezi, vikijumlishwa kwa mwaka huenda visifikie gharama ya kulihudumia gari. Kama mwajiri anakurudishia nauli, ningesubiri mwaka mmoja zaidi. Ukiona huwezi kusubiri, basi Passo yenye injini ya silinda tatu inatosha.

Fundi wa Magomeni, Mtwara:

Passo kwa mjini sawa, ila kwa njia za Newala vijijini iko chini mno, na sampo (bakuli la oili lililo chini ya injini) itapigwa siku ya kwanza. Ninaunga mkono IST, kwa sababu ambayo haijatajwa hapa: injini zake za 1NZ na 2NZ zinatumia cheni ya taimingi, wakati RAV4 ya kwanza yenye injini ya 3S inatumia mkanda unaopaswa kubadilishwa kila baada ya muda, na muuzaji hatakuambia ulibadilishwa lini. Aidha, IST ya kwanza ina gia otomatiki za kawaida, lakini ya pili, iliyoanza 2007, mara nyingi ina CVT (gia otomatiki zisizo na hatua) inayodai oili yake maalumu. Fundi wa kijijini akiijaza ya kawaida, gia hizo zimekufa.

Dada, usidanganywe na namba za gari. Mtu atakuambia “hili ni namba D” kana kwamba ni jipya, ilhali herufi hiyo inaonyesha lilisajiliwa lini Tanzania tu.

Huku pwani adui ni chumvi. Ukiletewa gari lililokuwa Mikindani au Msimbati, fungua buti, inua kapeti, toa tairi la akiba na upapase sakafu iliyo chini yake. Gari lililobeba samaki hudondokewa na maji ya chumvi mahali hapo, na nimewahi kubonyeza sakafu ya namna hiyo kwa kidole gumba ikatoboka, ilhali rangi ya nje inang’aa kama ya duka. Kisha lala chini uangalie mipira ya shafti za mbele: ikiwa imepasuka, mchanga umekwisha kuingia kwenye jointi na utasikia inagonga unapokata kona.

Mwalimu Mstaafu, Masasi:

Niongeze kwamba kabla ya kutoa hata senti, angalia faini za barabarani kwa namba ya gari katika mfumo wa polisi, thibitisha bima katika mfumo wa mamlaka ya bima (TIRA), na uhakikishe jina lililo kwenye kadi ni la mtu anayekuuzia, si la “mjomba aliyesafiri”. Mkataba usainiwe mbele ya mwanasheria.

Binti Newala:

Nawashukuru sana, wazazi na wenzangu. Nauli hairudishwi, kwa hiyo nitanunua. Ipo IST moja hapo Mtwara Mjini ambayo bei yake inaingia kwenye zile milioni 7, ila mara zote mbili nilipokwenda nimeikuta imeshawashwa na boneti ni ya moto, na mwenyewe anasema asubuhi huwa hana nafasi.

Fundi wa Magomeni, Mtwara:

Injini inayokula oili hutoa moshi wa bluu ikiwashwa baada ya kulala usiku kucha, na ikishapata moto mara nyingi moshi huo hauonekani tena. Mwambie utakuja saa kumi na mbili asubuhi pamoja na fundi wako, na asiliguse kabla hamjafika. Akikataa, achana nalo.