Nianzie wodini au maabara? Njia ya mtafiti wa magonjwa ya damu na kinga ya mwili

Muulizaji

Ndugu wataalamu, salaam.

Mimi ni daktari niliyemaliza mafunzo ya vitendo miaka miwili iliyopita, na tangu wakati huo ninafanya kazi katika wodi ya magonjwa ya ndani. Aliyenifikisha kwenye swali hili ni mama mmoja aliyelazwa akiwa na madoa madogo mekundu miguuni na damu ikimtoka kwenye ufizi. Kipimo kilionyesha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 6,000 tu katika kila mikrolita ya damu, ilhali mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 150,000 na 450,000. Tulimpa steroidi, dawa zinazotuliza kinga ya mwili, akapata nafuu, na kila tulipopunguza dozi alirudi palepale. Siku moja aliniuliza kwa nini mwili wake unaiharibu damu yake mwenyewe, nami nikataja neno moja la kitabuni, kisha nikakosa la kuongeza.

Nataka kulichunguza swali hilo katika maisha yangu yote ya kazi. Mbele yangu zipo njia mbili: ubingwa wa hematolojia, yaani magonjwa ya damu, au shahada ya uzamivu katika maabara ya imunolojia, yaani elimu ya kinga ya mwili, inayochunguza seli B, ambazo hutokeza kingamwili. Wakubwa wangu wa kazi wananishauri kwa namna zinazopingana. Ni ipi hasa humjenga mtafiti wa magonjwa haya, na je, mtu akianza ubingwa kwanza, hatakuwa amechelewa kuingia maabara?

Bingwa wa magonjwa ya damu

Daktari mwenzangu, ningekushauri uanze na ubingwa, na sababu yangu ni huyo mama uliyemtaja. Magonjwa haya hupewa jina moja ilhali hayana chanzo kimoja, na mtu anayeyachunguza bila kuwa amewahudumia wagonjwa kwa miaka anaweza kukusanya damu ya watu watano wenye magonjwa matano akadhani anachunguza ugonjwa mmoja.

Ugonjwa wa huyo mama, upungufu wa chembe sahani unaosababishwa na kinga ya mwili (ITP), una historia inayofaa kuijua. Mwaka 1950, katika Hospitali ya Barnes mjini St. Louis, William Harrington, aliyekuwa daktari kijana bado mafunzoni, alijiwekea mwilini damu ya mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa chembe sahani. Baada ya saa chache chembe zake mwenyewe zilishuka mno, akapata degedege, naye akakaa siku kadhaa katika hatari ya kuvuja damu. Uboho wake ulipochunguzwa, seli kubwa zinazozalisha chembe sahani zilikuwepo kama kawaida, kwa hiyo kulikuwa na kitu ndani ya utegili (majimaji ya damu) wa mgonjwa kilichoziharibu chembe zikiwa tayari kwenye mzunguko wa damu. Hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio hilo leo, wala simsifu mtu kwa kuuweka uhai wake rehani. Ninachokiheshimu ni namna swali lilivyoulizwa: chembe hazizalishwi, au zinazalishwa kisha zinaharibiwa? Swali hilo hutoka kwa mtu aliyekaa na wagonjwa ambao hata kuondolewa bandama hakukuwasaidia.

Hata hivyo jibu lile lilikuwa nusu tu. Baadaye ilionekana kwamba kinga ya mwili huuzuia pia uboho usizalishe chembe za kutosha. Homoni inayochochea uzalishaji huo, thrombopoietini, ilitambuliwa mwaka 1994, na dawa mbili zinazoiga kazi yake, romiplostim na eltrombopag, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2008. Hesabu miaka kutoka 1950 utaona kwa nini siogopi miaka michache ya ubingwa. Ila usiipoteze bure: tangu mwaka wa kwanza omba kibali cha maadili, fungua daftari la wagonjwa wako, na uhifadhi utegili wao katika nyuzi 80 chini ya sifuri, kila sampuli ikiwa na tarehe, dozi ya dawa na idadi ya chembe za siku hiyo. Sampuli isiyo na maelezo hayo haitakufaa kitu baada ya miaka kumi.

Mtafiti wa maabara

Ninamheshimu aliyetangulia, lakini kwa hili tunatofautiana. Kipimo kinachotuwezesha kuona kingamwili zilizojibandika kwenye chembe nyekundu za damu kilielezwa Cambridge mwaka 1945 na Robin Coombs pamoja na wenzake Mourant na Race, na Coombs alisomea tiba ya wanyama. Tatizo alilolitatua halikuonekana kitandani. Baadhi ya kingamwili hushika chembe bila kuweza kuziunganisha, hivyo damu haigandamani machoni pa mpimaji. Yeye alitumia sungura waliochanjwa kwa protini za binadamu ili kupata kingamwili dhidi ya kingamwili, na hizo ndizo zilizounganisha chembe zikaonekana. Kanuni hiyo ilikuwa imeelezwa na Carlo Moreschi mwaka 1908, ikasahauliwa. Nalitaja hili kwa sababu kusoma maandiko ya zamani ni sehemu ya kazi ambayo vijana wengi huiruka.

Hata seli B unazotaka kuzichunguza zilijulikana kwanza kupitia kuku. Bruce Glick alikuwa akichunguza kifuko kidogo kilicho karibu na tundu la haja la kuku, na kuku aliowaondolea kifuko hicho walipochanjwa wakashindwa kutengeneza kingamwili. Makala yake ilichapishwa mwaka 1956 katika jarida la sayansi ya ufugaji wa kuku, baada ya jarida kubwa la sayansi kuikataa, na ni mwaka 1965 ndipo Max Cooper na wenzake walipoonyesha wazi kwamba kinga ina matawi mawili ya seli, yaani seli B na seli T.

Lakini ukweli unanidai niongeze mfano unaomuunga mkono bingwa wetu. Mwaka 1952 daktari wa watoto wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyepata maambukizi makali ya bakteria mara kwa mara, na ambaye damu yake haikuwa na gamaglobulini, yaani fungu la protini lenye kingamwili. Jeni yenye kasoro ilipatikana mwaka 1993, ikawa ya kimeng'enya ambacho seli B zinakihitaji ili zikue. Kukizuia kimeng'enya hicho kwa makusudi kukawa tiba ya baadhi ya saratani za damu, na mwaka 2025 Marekani iliidhinisha rilzabrutinib, dawa ya kundi hilohilo, kwa ugonjwa wa yule mama uliyemhudumia. Mtoto aliyekosa kingamwili ameisaidia tiba ya watu ambao kingamwili zao zimepotoka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uzamivu sasa, ukiwa bado una subira ya kurudia jaribio moja mara thelathini. Na swali lipo: vipimo vya leo havigundui kingamwili dhidi ya chembe sahani kwa wagonjwa wengi wenye ugonjwa huu. Je, kipimo ni dhaifu, au kwa wagonjwa hao seli T ndizo zinazoharibu?

Mgonjwa

Mniwie radhi wataalamu, mimi si daktari, ila ninao ugonjwa huu kwa miaka kumi na mmoja. Nilishiriki utafiti mmoja ambamo nilitoa damu mara sita, na hadi leo sijaambiwa kilichopatikana. Sikudai tiba, nilitaka kujua tu. Jambo jingine ni uchovu. Chembe zangu zinapokuwa 40,000 daktari hufurahi, nami hushindwa kupanda ngazi, lakini katika fomu za utafiti ule hapakuwa na mahali pa kuandika hilo. Daktari, njia yoyote utakayoichagua, tafadhali weka mahali hapo.

Muulizaji

Dada, pole sana, na ahsante; nimeliandika katika daftari langu kama lilivyo. Wakubwa zangu, nimeelewa kwamba swali la kingamwili zisizoonekana linahitaji wagonjwa walioainishwa vizuri kabla ya kuhitaji mashine. Nitaomba ubingwa. Wiki hii nitaiandikia pia ile maabara kuuliza kama inaweza kunipokea siku moja kwa wiki nijifunze kutenga seli B kutoka kwenye damu. Je, siku moja inatosha?

Mtafiti wa maabara

Kujifunza mbinu, inatosha. Kufanya jaribio, hapana, kwa sababu seli hazikungoji hadi wiki ijayo. Omba siku mbili zinazofuatana, na siku ya kwanza uje na damu yako mwenyewe.